Kuchagua supachaja ya konokono kwa gari ya mtaani ukiwa Dodoma: hesabu ya hewa kwanza, hela baadae

Jamaa yangu mmoja wa Nzuguni ana Mark II JZX101, ile yenye 2JZ-GE ya lita 3 isiyo na turbo. Alifungiwa supachaja (kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada) Dar, geji ya presha ikawa inasoma psi 8 (psi ni kipimo cha presha) akikanyaga mafuta hadi mwisho, roho yake kwatu, akapandisha nayo Dodoma. Kufika huku geji ikagoma kwenye 7. Akajua kauziwa mbovu, akampigia aliyemuuzia wakazozana wee mpaka salio likaisha, alafu fundi mmoja wa hapa mjini akamwambia hilo jambo dogo tu, toa hiyo puli ya supachaja (gurudumu la belti) tukuwekee ndogo, izunguke kasi zaidi. Wakaweka ndogo, gari ikarudi kwenye nguvu yake ya Dar, kila mtu akafurahi. Miezi miwili mbele akashuka nayo Dar kwenye msiba, akiwa ameshaiacha Chalinze anapita lori, injini ikaanza kugonga kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Kufika Kibaha moshi wa bluu. Kufungua, pistoni mbili zimekatika kingo zinazoshika ringi.

Na hakuna kifaa kilichokuwa kibovu pale. Supachaja nzima, injini ilikuwa nzima, boliti zote zimekazwa. Kwa hiyo naandika hii kwa ajili ya wadau wa huku katikati, Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa, ambao mnataka kununua hii kitu, maana maelekezo mengi mnayosoma yameandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari na hawana haja ya kuwaza tunachokiwaza sisi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Supachaja ziko za aina kadhaa. Kuna zile za kukaa juu ya injini zenye skurubu au mapanga mawili yanayosukumana ndani, hizo zinatoa presha tangu chini, ukigusa tu mafuta ipo. Hii yetu ya sentrifugali, mimi naiita ya konokono kwa sababu ganda lake limejikunja hivohivo, ndani ina feni kama ya turbo upande wa hewa baridi, ila badala ya kuzungushwa na moshi wa eksozi inazungushwa na belti kutoka puli ya krenki, alafu ndani kuna gia za kuongeza kasi mara tatu, nne au zaidi. Feni inaweza kufika mizunguko 40,000 au 50,000 kwa dakika na zingine zaidi ya hapo.

Sasa tabia yake moja lazima uijue kabla hujatoa hela. Presha ya konokono inapanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Kama inakupa psi 8 kwenye RPM 6,500 (mizunguko ya injini kwa dakika), kwenye 3,250 haikupi 4, inakupa 2 hivi, yaani robo. Kwenye foleni za asubuhi kuelekea Mtumba utakuwa unaendesha gari ya kawaida kabisa, nguvu inakuja juu, inajaa polepole kama maji kwenye ndoo mpaka RPM ya mwisho. Mtu anayetaka kusukumwa kichwa nyuma akitoka kwenye taa asinunue hii, atalaumu bure, atafute ya skurubu au turbo ndogo. Kwa upande mwingine hiyo tabia ni rafiki wa gia boksi ya automatiki ya kizamani na rafiki wa tairi, maana torki haikurupuki. Mimi ndo sababu niliipenda, na gari za watu wengi huku ni automatiki.

Haya, hewa. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya bahari. Presha ya hewa ya kawaida Dar ni kama psi 14.7, hapa kwetu ni kama 12.9. Maana yake hata kabla hujafunga chochote injini yako isiyo na turbo imeshapoteza kama asilimia 12 ya hewa, ile 2JZ-GE VVT-i iliyotoka kiwandani na hospawa 220 hapa Area D inafanya 190 na kidogo. Singida mjini ni juu zaidi, kama mita 1,500, ndo unapoteza zaidi.

Supachaja yenyewe haijui psi, inajua uwiano. Inachukua hewa iliyopo inaizidisha. Kwa kasi ile ile ya feni inazidisha kwa namba ile ile karibu kabisa. Geji inaonyesha kile kilichozidi hewa ya nje tu. Tuchukue ya jamaa: Dar, 14.7 jumlisha 8 ni 22.7, gawa kwa 14.7 unapata 1.54. Huo ndo uwiano wa puli yake. Pandisha gari Dodoma, 12.9 zidisha 1.54 unapata 19.9, toa 12.9, geji inasoma 7. Hakuna aliyemwibia mtu. Fundi akaweka puli ndogo ili irudi ile jumla ya 22.7 ya Dar, na hapo geji ya Dodoma inabidi isome 9.8 kwa hiyo uwiano umekuwa 1.76. Sawa, hapa inakwenda vizuri kabisa kwa sababu injini inaona hewa ile ile iliyokuwa inaiona Dar. Sasa shuka nayo. 14.7 zidisha 1.76 ni 25.9, toa 14.7, geji inasoma psi 11 na ushee kwenye injini yenye kompresheni (pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda) ya 10.5 kwa 1, pistoni za kiwandani, petroli ya sheli. Pistoni zikaondoka.

Kwa hiyo swali la kwanza ukitaka kuchagua ni hili: gari yako inaenda wapi? Na usiseme haitoki Dodoma. Dar ni kilomita 450 hivi, kuna harusi, kuna msiba, kuna mzigo wa bandarini, itatoka tu. Unachagua supachaja na puli kwa presha ambayo injini yako itaivumilia kule chini, alafu ukiwa huku juu unakubali kwamba unapata pungufu kidogo. Wengine watakuambia utumie puli mbili, ya Dodoma na ya Dar, na mapu mbili (jedwali za mafuta na taiming) za kontrolboksi, ile kompyuta ya injini. Inawezekana kinadharia ila siku ya safari ni saa 10 alfajiri, mama yuko siti ya nyuma na mabegi, nani anabadili puli saa hizo? Chagua moja, ya chini.

Injini yako inavumilia kiasi gani? Hapa angalia kompresheni yake kabla ya kitu chochote. 2JZ-GE na 1JZ-GE za VVT-i ni 10.5. Altezza ya 3S-GE BEAMS ya manyuo ni 11.5. Mark X ya 2.5, ile 4GR-FSE, ni 12 kwa 1, na isitoshe injekta zake zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kuziongezea mafuta si kazi ya kubadili injekta za kawaida za dukani. Wadau wa Mark X najua mko wengi, na nawaambia ukweli, kama ni ya 2.5 hela hiyo wekeni kwenye breki na shokapu, au tafuteni 3.5 ya 2GR-FSE ambayo ina injekta za aina zote mbili. Kwa 2JZ-GE ya kiwandani ambayo haijafunguliwa mimi sipiti psi 8 ikiwa Dar, na hiyo ni pamoja na intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye supachaja). Kwa Altezza psi 5 au 6 na tuni (mpangilio wa mafuta na taiming) ya kipole. Ukitaka zaidi, fungua injini weka pistoni za kompresheni ya chini, hiyo ni bajeti nyingine.

Alafu sasa ndo unatafuta saizi ya kichwa. Usinunue kwa maneno ya "hii inabeba hospawa 700". Piga hesabu ya hewa unayoitaka. Injini ya lita 3 kwenye RPM 6,000 inavuta nusu ya mizunguko zidisha lita, yaani lita 9,000 kwa dakika, ila haijazi silinda kabisa kwa hiyo chukua asilimia 90, ni lita 8,100. Hewa ya Dodoma siku ya nyuzi 27 au 30 ina uzito kama gramu 1.03 kwa lita, unapata kilo 8.3 kwa dakika. Uwiano wa 1.54, ukishatoa joto na kinachopotea kwenye intakula, unazidisha hewa kwa 1.4 hivi, unafika kilo 11.7 kwa dakika. Kila kilo moja ya hewa kwa dakika kwenye injini ya petroli ni kama hospawa 22, kwa hiyo 257, toa kama 15 ambazo belti inakula kuzungusha konokono, unabaki na 240 hivi. Kutoka 190. Ukishuka Dar na puli hiyo hiyo unakaribia 270. Hizo ndo namba za kweli za gari ya mtaani ya psi 7 na 8, anayekuahidi kukuongezea 200 kwa presha hiyo anakuuzia maneno.

Ukishapata kilo zako na uwiano wako, omba ramani ya kompresa, ile chati yenye michoro kama alama za vidole. Chini ni kiasi cha hewa, pembeni ni uwiano. Weka nukta yako, 11.7 na 1.54. Ikiangukia kwenye duara la katikati, ufanisi wa asilimia 70 na kitu, hicho kichwa ni chako. Ikiangukia kushoto karibu na mstari wa kwanza, kichwa ni kikubwa mno, hewa itakuwa inarudi nyuma inapumua vibaya hasa ukiachia mafuta ghafla. Ikiwa kulia sana, kichwa ni kidogo, kinakoroga hewa na kuipasha tu. Na joto ndo adui wetu: hewa ya nyuzi 30 ikipitia kichwa cha ufanisi wa asilimia 72 kwa uwiano huo inatoka na nyuzi kama 85, ikipitia kilichozidiwa chenye asilimia 60 inatoka na 96. Nyuzi 11 hizo unazilipia kwa kurudisha taiming (wakati plagi inapowasha) nyuma, na nguvu inaondoka. Muuzaji ambaye hana ramani ya anachouza, mimi huwa naondoka.

Kitu kingine ambacho watu wa huku juu tunapigwa nacho ni kasi ya mwisho ya feni. Hesabu yake rahisi: RPM ya injini, zidisha kipenyo cha puli ya krenki, gawa kwa kipenyo cha puli ya supachaja, zidisha uwiano wa gia za ndani. Tuseme krenki ni milimita 165, puli ya juu 85, gia za ndani 3.6, RPM 6,500. Unapata 45,400 hivi. Kama mtengenezaji amesema mwisho 50,000 uko salama na una akiba. Sasa ukitaka kurudisha nguvu yote ya Dar ukiwa Dodoma, kutoka uwiano 1.54 kwenda 1.76, feni inabidi iongeze kasi kwa asilimia 15, puli inashuka mpaka milimita 74, na kasi inafika 52,000. Umepita. Beringi haitakuambia siku hiyo hiyo, itakuja kukuambia baada ya miezi, ukiwa Bahi saa 3 usiku. Kwa hiyo mtu wa miinuko anatafuta kichwa ambacho kwa puli yake kinabakiza angalau asilimia 10 kabla ya mwisho wake, na hii si kwa ajili ya kuja kukitumia baadae, ni kwa ajili ya uhai wake.

Oili. Ziko zinazochota oili ya injini, kama Vortech V-2, inabidi utoboe sampu (bakuli la oili chini ya injini) ili oili irudi. Ziko zenye oili yake ndani, kama Vortech V-3 na ProCharger, zote za Marekani. Na ziko za Rotrex kutoka Denmark ambazo hazina meno ya gia, zinazungushana kwa kukandamizana roli, ni kimya na ni nyepesi, lakini zinataka oili yake maalum, tangi dogo na rejeta ndogo. Kwa mazingira yetu mimi nachagua yenye oili yake ya ndani. Injini za gari zetu nyingi zimeingia nchini na kilomita nyingi, oili yake ina uchafu na vyuma vya miaka, sitaki vipite kwenye beringi inayozunguka mara elfu 45. Na sampu inabaki haijatobolewa. Ila agiza chupa za oili za kutosha pamoja na supachaja yenyewe, msije mkaweka ya gia boksi kwa sababu ya kwanza imeisha na nyingine iko njiani inakuja. Ya Rotrex ndo usithubutu kabisa, ile bila oili yake roli zinateleza na imekwisha.

Vumbi sasa. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu tunaishi kwenye vumbi, kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba upepo wa Dodoma hauna adabu, na kuna mitaa ya Nkuhungu, Ilazo na Nzuguni lami bado. Feni inayozunguka kasi hiyo ikila mchanga kidogo kidogo makali yake yanalika kama kisu kilichonolewa kwenye saruji, presha inashuka na uzani unaharibika. Kits nyingi zinakuja na filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti, nzuri kwenye picha. Itoe. Tengeneza boksi la filta lililofungwa, bomba likavute hewa juu nyuma ya taa, mahali ambapo joto la rejeta halifiki na dimbwi la maji halifiki. Filta iwe kubwa kuliko unavyodhani, ya karatasi au kitambaa kikavu, uikague kila wiki mbili kipindi cha upepo. Vumbi hilo hilo linakula belti, belti ikianza kung'aa ndani ya mifereji inateleza, na ukiona presha inapanda vizuri alafu kwenye RPM 5,500 inasimama au inashuka, usikimbilie kubadili puli, hiyo ni belti. Kit yenye belti ya mifereji 6 inatosha kwa presha ya chini, kama kuna ya 8 chukua ya 8, na hakikisha puli ya juu imekumbatiwa na belti angalau nusu ya mzunguko wake. Vilevile uliza kama saizi ya hiyo belti inapatikana Dar, beba ya akiba kwenye buti.

Intakula weka hata kama kit inasema psi 6 haihitaji. Ya hewa kwa hewa, mbele ya rejeta, haina pampu wala maji ya kuvuja. Ongeza valvu ya kupumulia ukiachia mafuta.

Mafuta na kontrolboksi ndo sehemu ambayo pesa inabidi ibaki, watu wanamaliza zote kwenye konokono. Kadirio langu: kila hospawa moja kwenye injini yenye presha inataka kama cc 6.3 za petroli kwa dakika. Na hapa piga kwa nguvu ya Dar, siyo ya Dodoma. 270 zidisha 6.3 ni 1,700, gawa kwa injekta 6, gawa tena kwa 0.8 ili zisifanye kazi muda wote, unapata cc 354 kwa kila moja. Nunua za 380 au 440. Pampu ya mafuta mpya. Kama injini inapima hewa kwa sensa ya presha, ile ya kiwandani imezoea presha ya kawaida tu, weka inayosoma mpaka ba 2 au 3 (ba moja ni kama psi 14.5), na hiyo sensa isome presha kamili ili kontrolboksi ijue yenyewe kwamba sasa tumeshuka Gairo tunaelekea Dumila na hewa inaongezeka. Plagi hatua moja baridi zaidi, mwanya milimita 0.7 au 0.8. Geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli ifungwe ndani mahali unapoiona, ukikanyaga mpaka mwisho isome 11.5 mpaka 12, yaani sehemu hizo za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Ikipanda kwenda 13 ukiwa kwenye presha, achia mguu hapo hapo.

Na tuni ikamilishwe chini. Hii ndo ningemwambia yule jamaa kama ningejua mapema. Anayekutunia Dodoma peke yake ameona nusu ya mapu ya kontrolboksi, zile safu za presha ya juu ambazo injini itazigusa Dar hazijawahi kujaribiwa, zimejazwa kwa kukisia. Kama fundi wako yuko huku, mwambie safu hizo aziache na mafuta mengi na taiming ya nyuma, alafu panga safari moja ya Dar ya kumalizia.

Ukinunua iliyotumika, toa bomba la kuingiza hewa uangalie feni kwa tochi: makali yasiwe na mapengo, ganda lisiwe na mkwaruzo wa kuzunguka. Zungusha kwa mkono, isikie. Kuchezacheza kidogo kwa zenye gia ni kawaida, ila kukwaruza siyo kawaida. Mwaga oili kwenye kitambaa cheupe, ukiona inang'aa kama rangi ya fedha mrudishie kitu chake. Hesabu pia bracket, puli ya kukaza na spesa, konokono bila bracket ya injini yako ni chuma tu, kuchonga bracket mpya kwa fundi wa lathe ikapishana milimita 2 na mstari wa belti utakuwa unatupa belti kila wiki. Na inayoagizwa nje, kwenye bei yake ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla hujasema umepata rahisi.

Yule jamaa injini ameshaifunga upya, puli amerudisha ile ya 85, geji yake hapa inasoma 7. Jumamosi tulienda naye mpaka Bahi na kurudi, mwendo wa kawaida maana tochi za trafiki ziko, tukasimama tukafungua boneti belti ikiwa bado ya moto, tukaikaza robo mzunguko. Kilomita 500 za kwanza mkanda mpya unalegea, angalia yako pia.